Jivu Chini ya Bati

Lizaboni, Songea
Agosti, mwaka huu wa msiba wetu

Kwa Baba Daimu,
Nakapanya.

Assalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na Mama Ashura, na kwamba kifua chake kimetulia baada ya ile baridi ya Julai. Sisi huku tunaendelea vizuri kwa uwezo wa Mungu. Mama yuko Mpitimbi, anakula, analala, na asubuhi anawafungulia kuku mwenyewe. Mimi nipo kwenye kibanda changu cha muvi kama kawaida. Wateja wapo wa kutosha, na umeme nao unakatika wa kutosha.

Najua umeshashtuka. Tangu lini Notburga akakuamkia shikamoo? Tangu nikiwa mtoto tunasalimiana kwa maneno ya utani, kama mlivyokuwa mkifanya wewe na marehemu baba. Mimi nakuuliza kama panya wameisha Nakapanya mpaka ukapata nafasi ya kupokea simu, nawe unaniuliza kama Wangoni tumeshajua kuvaa nguo au bado tunajifunika ngao. Halafu unanitaka nikiri kwamba mimi ni mateka wako, nami nakataa katakata, nakwambia mateka ni wewe, babu zangu waliwakamata babu zako Wayao wakiwa wameinama wanachimba panya. Hatujawahi kuafikiana hata mara moja. Leo nimeandika shikamoo kwa sababu ulimi wa kukutania sina.

Nimeandika kwa mkono pia kwa kuwa simu yako haipatikani. Mama Ashura alinieleza kwa simu ya jirani kwamba umeitoa laini, ukaifunga kwenye pindo la kitambaa, ukasema hutaki tena kujua mtandao umesema nini. Basi barua hii nampa Saleh, yule mnunuzi wa mbaazi anayepita kwenu, na nimemsihi akukabidhi mkononi. Isome mwenyewe kwa ile miwani aliyokupa baba. Nakuomba usimpe mjukuu wako Nasrin akusomee, maana huyo binti bado ananiheshimu.

Lakini kwanza nikupe za mtandao, maana najua tangu uifunge laini yako hakuna anayekupa. Wiki hii nimepata muvi mpya ya Kihindi, imetafsiriwa na wale vijana wetu wanaopaza sauti juu ya sauti za waigizaji. Shujaa ni fundi cherehani. Majambazi wanamfuata kwenye ghala la vitambaa, anawamaliza wote kwa mkasi na futi ya kupimia, kisha anakaa chini kumalizia gauni la harusi la dada yake, gauni jeupe, bila hata tone la damu. Wateja walipiga mbinja mpaka mwenye duka la dawa akaja kulalamika. Mimi nilijikuta nawaangalia wale waliolala sakafuni, nikasikia sauti yako ikiuliza: hawa nani aliwazika? Unakumbuka ulivyokuja kibandani mwaka ule wa korosho nzuri, ukatazama muvi tatu mfululizo, mwisho ukasema watu wa nchi hizo hawana maana kabisa, wanakufa ukumbi mzima na hakuna anayebandika hata sufuria la maharage? Baba alicheka akashika ubavu. Tangu siku ile siwezi kutazama muvi ya ngumi bila kufikiria matanga.

Nimeona pia bibi mmoja wa nchi ya theluji anayefuga kuku mmoja tu, na kuku huyo amefumiwa sweta. Sweta la kweli, lina mikono miwili ya mabawa. Watu wanamwandikia kuku salamu za siku ya kuzaliwa. Nilicheka peke yangu kibandani, nikamkumbuka yule jogoo wetu mwekundu uliyeondoka naye, nikasema labda huko kwako kwenye joto anafaidi kuliko angebaki kwenye upepo wa Mpitimbi. Kama hujamla, mwambie namsalimia.

Habari za nchi ni zile zile. Mbolea, bei ya mahindi, kila redio na yake. Juzi picha ya chatu aliyemeza mbuzi imerudi tena. Safari hii wanasema ni Namtumbo. Mwaka jana chatu huyo huyo na mbuzi huyo huyo walikuwa mkoa mwingine, na mwaka juzi nchi nyingine. Wateja wangu walibishana mchana mzima kama kwato zitamdhuru tumboni, na hakuna aliyeuliza nani alikuwepo pale, nani alipiga picha, na kwa nini. Zamani hata mimi nisingeuliza. Siku hizi ndilo jambo la kwanza linalonijia kichwani.

Unaona ninavyozunguka, Baba Daimu. Marehemu alikuwa akisema, mtu akikuletea habari za mbali mno, jua ya karibu imemshinda kusema. Ngoja niisogelee basi.

Nianze na msiba, na nitauandika kama ulivyokuwa, kwa sababu mtandao umeuandika vingine. Baba alipofariki, mama hakulia. Aliketi kwenye mkeka, macho makavu, hali, hasemi, akinamama wakaanza kuogopa. Wewe ulishuka kwenye basi, ukaja moja kwa moja kutoka barabarani, na hukumpa mtu yeyote pole. Ulisimama mlangoni ukauliza kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani, nani amempa huyu Mngoni ruhusa ya kufa bila kumuuliza bwana wake. Ukachukua koti refu la baba msumarini, ukavaa na kofia yake, ukashika kipande cha chaki. Ukatembea mwendo wake, mguu wa kushoto ukiburuza kidogo, ukikohoa mara mbili kabla ya kila neno, kama alivyokuwa akikohoa darasani miaka ile alipokuwa mwalimu wenu huko Nakapanya. Wote tuliokuwepo tulimwona Mwalimu Kajetani akipita uwanjani kwake.

Makaburini uliingia shimoni kabla ya jeneza. Ukalala chali, ukasema shimo ni fupi, mwili wa Mngoni utaenea lakini majivuno yake yatabaki nje, na kwamba hutoki humo mpaka uletewe jogoo. Watu wakapiga kelele, wengine wakakubembeleza, wengine wakakutishia kukufukia humo humo. Jogoo akaletwa. Ukamuuliza jogoo kama naye ni Mngoni, maana anapiga kelele nyingi na mapaja hana. Hapo mama akacheka. Alicheka, Baba Daimu, kicheko kile chake cha kuziba mdomo kwa kanga, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikatoka chote kilichokuwa kimekwama tangu hospitali. Jioni ile alikula ugali. Nawe ulipotoka shimoni ulikung'uta udongo, ukalikunja koti vizuri, ukashika kamba ukamshusha rafiki yako kwa mikono yako mwenyewe. Baadaye nilikuona nyuma ya jiko unajifuta uso kwa kofia ya baba. Hukujua kwamba nakuona.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yaliyotoka mtandaoni ni kipande kifupi: mzee amelala kaburini, watu wanapiga kelele, basi. Mama hayumo, wala kicheko, wala kamba. Na juu yake maneno haya: Mzee mlevi aingia kaburini, avuruga mazishi. Kilirushwa na ukurasa mmoja wa vituko wa Dar es Salaam, kurasa nyingine zikadaka, na moja inayojiita ya habari ikakitoa kama habari. Watu ambao hawajui utani ni nini wala Mpitimbi iko wapi walikutukana matusi ambayo siwezi kuyaandika kwenye karatasi hii. Wengine walisema wewe ni mchawi. Wengi walishika lile la ulevi.

Mama Ashura alinieleza lilivyokufikia. Kwamba msikitini walianza kunong'ona kuwa ulikunywa ulanzi msibani kwa Wangoni, wewe ambaye hata togwa ukiona imelala siku mbili unaisogeza pembeni. Kwamba alipofariki Bibi Biasha, ambaye ni mtani wako pia, watu walikusubiri usimame ufanye kazi yako, nawe ukabaki umeketi mwisho wa jamvi, mikono katikati ya magoti, mpaka maiti ikatoka nyumbani bila neno la mtani. Alisema ulirudi nyumbani ukalala mchana. Na kwamba umetuma neno: kwenye arobaini ya baba huji.

Neno hilo limeshafika Mpitimbi. Arobaini ni Jumamosi ya mwisho wa mwezi huu. Wageni wamealikwa, mahindi yameshasagwa, lakini jivu la moto wa matanga bado liko uwanjani pale pale tulipoota na kulia. Unajua kwetu anayelizoa ni mtani, na kabla hajalizoa nguo za marehemu hazigawanywi na msiba haujaisha, hata padre aje na maji ya baraka pipa zima. Kaka Beda alitaka kumwita mtani mwingine, Mhehe mmoja wa pale Msamala. Mama akamwambia kwamba huyo Mhehe hakumjua mume wake, kwa hiyo akazoe jivu la kwao.

Sasa nikwambie habari ya Mwalimu Tumsifu. Sidhani kama unamkumbuka, ni kijana mrefu wa Moshi aliyeletwa kufundisha shule ya pale kijijini. Siku ya mazishi alisimama karibu na kaburi, simu juu, anarekodi waziwazi, kwa sababu kwao hajawahi kuona mambo hayo na alitaka kumwonyesha mama yake. Kipande kilipotoka, kila kidole kilimwelekea yeye. Ni mgeni, hajui utani, alikuwa na simu, nani mwingine? Wazee walimwita kikaoni. Akawapa simu yake waikague, hawakukuta kitu, wakasema amefuta. Akaapa, wakasema wasomi ndio wanaojua kuapa. Tangu hapo salamu yake inapokelewa nusu, na watoto darasani wanalala chali sakafuni akigeuka ubaoni.

Wiki mbili zilizopita alikuja hapa kibandani. Nilidhani anataka muvi. Alikaa kwenye benchi, akaniuliza mimi kama mwenyeji, Wangoni wanapotaka kusamehewa wanatoa nini. Nikamuuliza asamehewe nini wakati anasema hakufanya. Akajibu kwamba amechoka, kwamba mama yangu ni mjane na amani yake ni kubwa kuliko haki yake yeye, kwa hiyo ataomba radhi tu ili yaishe. Nilimwambia wanatoa kuku. Nilimwambia hivyo, Baba Daimu, huku nikimwingizia mteja mwingine muvi kwenye flashi. Akaenda sokoni akanunua tetea mzuri mwenye madoa, akapanda naye bodaboda mpaka Mpitimbi, akapiga magoti uwanjani, mbele ya lile jivu, akaomba msamaha. Mama akampokea kuku.

Tumsifu hakurusha kile kipande. Niliyekirusha ni mimi.

Nimeyaandika maneno hayo na nimeyatazama muda mrefu. Ni mimi, Notburga wa Kajetani, mwana wa mtani wako. Asubuhi ya pili baada ya mazishi nilipanda kile kichuguu nyuma ya nyumba ambako mtandao unashika. Sikwenda kwa ubaya. Nilikuwa nimekurekodi chini ya kanga, na nilitaka kukutazama ukitembea, maana ndani ya lile koti ulikuwa baba, na nilikuwa sijashiba kumwona. Nilikutazama mara nyingi, nikalia. Halafu ukurasa ule wa Dar ukapita mbele ya macho yangu, unaomba watu watume vituko vya mikoani. Nilikuwa nimewatumia vitu vingi siku za nyuma, maoni yangu juu ya muvi, picha za Songea, hawajawahi kunijibu. Nikafikiri, hiki hawatakikataa. Nikakata mwanzo, ambapo unatembea. Nikakata mwisho, ambapo mama anacheka. Nilijua vizuri kabisa ninachokikata, kwa sababu kikibaki na kicheko cha mama kinakuwa msiba wa watu wanaopendana, na hicho nani atakitazama?

Na neno mlevi ni langu. Walitaka maneno ya kuweka juu, mimi nikayaandika. Nilianza na mzee tu, nikaona halina nguvu. Mwenye ukurasa akaniuliza kama namfahamu mzee huyo. Nikamjibu simjui, ni wa kijijini tu. Sisi Wakristo tuna habari ya mtu aliyemkana rafiki yake mpaka jogoo akawika. Jogoo wa kwetu ulikuwa umeshaondoka naye, hakukuwa na wa kunishtua. Nilikaa kwenye kichuguu nikihesabu watu wanaotazama, nikafurahi. Ndiyo, nilifurahi, Mungu anisamehe. Nilishinda na furaha hiyo mpaka jioni, na baba yangu hata udongo wake haujakauka.

Walipoanza kukutukana ningeweza kusema neno moja, utani, nikaeleza. Sikusema, kwa sababu ningeulizwa nani ametuma. Walipomshika Tumsifu nikanyamaza tena, na kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho kuwa ngumu zaidi. Kuku ndiye aliyenishinda. Nilipokwenda Mpitimbi nikamkuta yule tetea mwenye madoa anapekua pembeni ya jivu, anachukuliwa na mama kama mgeni wa heshima, na akiba yangu yote ya ujasiri ikaisha. Nililia mpaka Beda akaja mbio akidhani mama ameanguka.

Yeye ndiye wa kwanza niliyemweleza. Beda, kwa kunionea huruma, alinipa njia ya kupita. Alisema mimi pia ni mtani wako kwa haki ya baba, na mtani hakasiriki, kwa hiyo nikwambie tu ulikuwa utani umezidi kidogo, utacheka yaishe. Nililifikiria hilo siku nzima, kwa kweli lilinivutia. Lakini utani tunafanyiana ana kwa ana, ukinipiga nami nakupiga, na wanaocheka ni watu wanaotujua wote wawili. Mimi nilikuvua nguo mbele ya watu usioweza kuwajibu, kisha nikajificha nyuma ya mgongo wa Mchaga wa watu. Huo si utani. Sitaki uusamehe kwa jina hilo.

Jumapili nilimfuata Tumsifu nyumbani kwake nikamweleza yote. Aliuliza kuku wake atarudishwa na nani. Sikujua kama anatania au hapana, na nadhani yeye pia hakujua. Kutoka pale nikaenda kwa wazee, nikayarudia yale yale mbele yao, na wamemwomba radhi. Nimeweka mtandaoni msiba wote, tangu unatembea mwendo wa baba mpaka kamba, na jina langu juu yake, na maelezo ya nani alimwita mzee wa watu mlevi. Waliotazama ni wachache sana. Matusi yako yalisafiri nchi nzima, kicheko cha mama hakijafika hata Peramiho. Siwezi kukudanganya kwamba nimekusafisha.

Mama nilimwambia mwisho, kwa sababu ndiye niliyemwogopa zaidi. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Alitoka nje, akaburuta bati la lile banda la zamani, akalifunika jivu, akapanga mawe juu yake ili upepo usilichukue. Nikamuuliza kama nimsaidie. Akasema jivu hili lina mwenyewe. Kisha akasema, bila kunitazama, kwamba zamani mtu aliyemkosea mtani msibani alipakwa jivu la matanga usoni mbele ya watu wote, na hakuruhusiwa kunawa mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Kwa hiyo, Baba Daimu, nakuomba uje. Sikuombi unisamehe kwa barua. Njoo Jumamosi ya mwisho wa mwezi, uvae koti la baba, limefuliwa na liko msumarini. Nitapiga magoti pale alipopiga Tumsifu. Unipake hilo jivu, uwaambie watu mimi ni nani, uige ninavyokaa na simu puani, useme lolote unalotaka mbele ya wote, nami sitajibu hata neno moja. Atakayetaka kurekodi, arekodi. Tumsifu amekubali kuja. Mama naye anasema yule tetea mwenye madoa hatachinjwa na mtu mwingine, anasubiri kisu chako, na kwamba uje mapema kwa sababu nyama ya kuku wa Mchaga huchelewa kuiva. Ameanza kutania tena, umeona? Usimwache aongee peke yake.

Nisalimie sana Mama Ashura, mwambie ile dawa ya kifua nimempa Saleh pamoja na barua hii. Msalimie Nasrin. Msalimie jogoo, kama yupo. Beda anakusalimu, na mama anasema hatumi salamu, utazichukua mwenyewe.

Mimi, kwa mkono wangu na kwa hiari yangu, ninayekiri leo bila kubisha,

mateka wako,
Notburga wa Mwalimu Kajetani.